Seva iko ndani ya VirtualBox, brauza haiioni

Umeweka Ubuntu (mfumo endeshi) kwenye mashine pepe ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, seva imewaka bila kulalamika, lakini brauza ya kompyuta yako inagoma katakata. Usikimbilie kufuta na kuanza upya. Seva nyingi za majaribio husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani humo humo ndani ya mashine pepe. Kwa Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), iwashe hivi, 0.0.0.0 ikimaanisha isikilize anwani zote za mashine pepe:

python3 manage.py runserver 0.0.0.0:8000

Mtandao wa mashine pepe ukiwa NAT (yaani inajificha nyuma ya kompyuta yako), ingia Settings za mashine hiyo kwenye VirtualBox, Network, kisha Port Forwarding. Elekeza poti (mlango wa mtandao) 8000 ya nje, yaani ya kompyuta yako, kwenye 8000 ya ndani, yaani ya mashine pepe. Host IP jaza 127.0.0.1, ambayo hapa ni kompyuta yako yenyewe, la sivyo wenzako wa waifai hiyo hiyo wanaweza kuchungulia kazi ambayo haijaiva. Sasa fungua http://localhost:8000.