Picha 600 za harusi kwa usiku mmoja: jinsi ya kurekodi aksheni ya Photoshop isiyoharibu picha asili

Jumamosi umepiga harusi. Jumapili asubuhi bibi harusi ameshapiga simu: "Kaka, za kuweka mtandaoni ziko tayari?" Kwenye kadi una picha 600, na kila moja inataka kugeuzwa profaili ya rangi, kupunguzwa ukubwa, kuongezwa ukali kidogo, kubandikwa nembo yako pembeni, kisha kuhifadhiwa. Hata ukiwa mwepesi wa mkono ukatumia dakika moja kwa kila picha, hizo ni saa 10 za kubofya vitu vilevile.

Photoshop inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe. Aksheni, yaani mfululizo wa hatua unazorekodi mara moja kisha zikarudiwa zenyewe kwenye picha nyingine, zimo ndani yake tangu toleo la 4.0 la mwaka 1996, lakini bado nakutana na wapiga picha wazuri kabisa wanaokesha wakipunguza picha moja moja. Wengi waliwahi kujaribu wakaacha. Kurekodi hakukuwashinda. Walichoshindwa nacho ni aksheni iliyofanya kazi vizuri kwenye picha moja na kuvurugika kwenye ya pili, nembo ikaenda katikati ya uso wa mtu. Hapo ndipo nitakaa zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Mwaka wangu wa pili kazini niliendesha aksheni juu ya picha zenyewe, nikaiamuru ihifadhi na kufunga palepale. Picha zaidi ya 400 zilizokuwa na upana wa pikseli 6000 zikabaki na 2048, na kadi nilikuwa nimeshaifuta kwa kazi nyingine. Wiki mbili baadaye mama wa bwana harusi akaomba picha ya familia ya kutundika sebuleni. Pikseli 6000 zikichapwa kwa 300 kwa inchi zinatoa picha ya karibu sentimita 51. Pikseli 2048 zinatoa sentimita 17. Nilimpelekea hiyo ya sentimita 17 na kumwomba radhi, na yule mama alinyamaza tu akiitazama.

Kwa hiyo tengeneza folda tatu: ASILI, JARIBIO na MTANDAO. ASILI iwe na nakala kwenye diski ya nje pia. Ndani ya JARIBIO nakili picha tano zisizofanana: moja ya mlalo, moja ya wima, moja uliyoikata mraba, na mbili kutoka kamera ya mwenzako kama mlipiga wawili.

Hatua ya 1: fungua picha, ndipo urekodi

Fungua picha moja kutoka JARIBIO. Kisha nenda "Window", "Actions", au bonyeza Alt na F9 kwenye Windows. Tengeneza folda ya aksheni, ndani yake aksheni mpya uiite "Mtandao 2048", na ubofye "Record". Kitufe cha duara kikiwa chekundu, kila unachofanya kinaandikwa. Usiwe na haraka, kwa sababu muda hauandikwi.

Utaratibu huo una maana. Ukianza kurekodi kisha ndipo ufungue picha, tendo la kufungua nalo linaingia kwenye aksheni, na baadaye itakuwa inaifungua picha ileile kila mara.

Hatua ya 2: rangi, ukubwa, ukali

Anza na "Edit", "Convert to Profile", uchague sRGB, profaili ya rangi ya kawaida mtandaoni. Ukituma picha zenye profaili pana ya Adobe RGB, kwenye simu nyingi rangi zitafifia, na dhahabu ya maharusi itaonekana kama vumbi.

Sasa ukubwa. Ukitumia "Image Size" na kuandika upana 2048, picha ya mlalo itatoka sawa, ila ya wima itapewa upana huohuo na kuwa kubwa kuliko wenzake. Tumia "File", "Automate", "Fit Image", andika 2048 kwenye upana na 2048 kwenye urefu. Amri hii inaiingiza picha ndani ya boksi la mraba bila kuvuruga uwiano wake, iwe imesimama au imelala.

Kisha fungua "Image Size", ondoa tiki kwenye "Resample", na uandike 300 kwenye "Resolution", yaani pikseli kwa inchi. Idadi ya pikseli haibadiliki hata moja, lakini usiiruke. Sababu yake inakuja kwenye nembo. Malizia kwa "Unsharp Mask" ya kiasi. Ukali unaongezwa baada ya kupunguza ukubwa, maana kupunguza kwenyewe kunalainisha picha.

Hatua ya 3: nembo isiyohama

Andaa nembo yako iwe PNG isiyo na usuli, upana wa pikseli kama 400, nayo ikiwa na "Resolution" ya 300. Iweke kwenye folda ambayo hutaihamisha, kwa sababu aksheni inakumbuka anwani ya faili.

Bandika kwa "File", "Place Embedded", kisha Enter. Photoshop inapobandika picha inalinganisha pikseli kwa inchi za pande zote mbili. Kamera moja ikiandika 72 na nyingine 300, nembo ileile itatoka ndogo kwenye hii na kubwa kwenye ile. Ndiyo maana tumezisawazisha zote ziwe 300.

Usiiburute nembo kwa mkono hadi kwenye kona. Ukiburuta, aksheni inaandika umbali: sogea pikseli kadhaa kulia, kadhaa chini. Umbali huo ni sahihi kwa picha ya mlalo tu. Kwenye ya wima nembo itatoka nje. Badala yake bonyeza Ctrl na A kuchagua picha yote, kisha "Layer", "Align Layers to Selection", "Bottom Edges", halafu rudia kwa "Right Edges". Nembo sasa imegusa kona, na kona ipo kwenye kila picha. Shika zana ya "Move", bonyeza Shift pamoja na mshale wa kushoto mara nne, na wa juu mara nne. Imejivuta pikseli 40 kutoka kila ukingo, na kutoka kwenye kona umbali huo ni salama kwa picha yoyote.

Hatua ya 4: kuhifadhi

"Layer", "Flatten Image". Ukiisahau, matoleo ya kuanzia 2021 hayatakuonyesha JPEG kwenye "Save As". Kisha "Save As", JPEG, folda ya MTANDAO, ubora 10 kati ya 12. Jina la faili usiliguse hata herufi moja! Ukiliandika upya, aksheni italikariri na inaweza kuzipa picha zote jina hilo moja, kila picha ikiifuta iliyotangulia. Simamisha rekodi na ufunge picha.

Hatua ya 5: endesha

"File", "Automate", "Batch". Chagua aksheni yako. "Source" iwe JARIBIO, "Destination" iwe folda ya MTANDAO. Tiki ya muhimu kuliko zote ni "Override Action Save As Commands": folda na majina yatatoka kwenye dirisha hili, na aksheni itachangia aina ya faili na ubora tu. Ile ya "Override Action Open Commands" iache wazi, kwa sababu hatukurekodi kufungua.

Kwenye majina weka neno kama "harusi_", namba ya mfululizo ya tarakimu tatu, na kiambishi cha faili (.jpg). Kamera mbili za kampuni moja zinaweza kutoa majina yanayofanana. Chini kabisa chagua makosa yaandikwe kwenye faili, ili picha moja mbovu isisimamishe kazi usiku wa manane ukiwa umelala.

Zitazame zile tano kwa makini, hasa ya wima. Zikiwa sawa, futa matokeo hayo, badilisha "Source" iwe ASILI, na uiache kompyuta ifanye kazi.

Kama huna Photoshop

ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika kwenye dirisha la amri (terminal), ni ya bure na inatosha kwa kupunguza ukubwa. Ukiwa ndani ya folda ya picha, tengeneza folda ndogo iitwayo mtandao, kisha andika:

mogrify -path mtandao -auto-orient -resize "2048x2048>" -quality 85 *.jpg

Usiiache sehemu ya -path. Bila hiyo, mogrify inaandika juu ya picha zako asili bila kukuuliza.

Aksheni nayo ina nakala yake

Ukisakinisha Photoshop upya, aksheni zinaweza kupotea. Bofya folda ya aksheni, siyo aksheni yenyewe, ndipo "Save Actions" kwenye menyu ya paneli itakapokubali. Faili inayotoka inaishia na .atn. Iweke pamoja na PNG ya nembo kwenye ile diski ya nje yenye nakala ya ASILI.