Muuguzi wa Nairobi, chagua jimbo kabla ya kumlipa wakala

Leseni ya uuguzi ya Marekani nzima haipo. Iliyopo ni ya New York, ya Texas, ya Florida. Kila jimbo na sheria zake na fomu zake. Wakala anayekuitisha pesa bila kukuuliza unataka jimbo gani, achana naye. Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, na wenzangu wa zamu huniletea stakabadhi zao nizipitie kabla hawajazituma. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza uliza kama jimbo unalolitaka linapokea ombi la mtu asiye na SSN, ile nambari ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Sisi tulio huku hatuna, na kuna majimbo ambako bila hiyo hupigi hatua. New York imekuwa ikiwapokea watu wa aina yetu, ndiyo maana huitaja mapema. Huko wauguzi wako chini ya idara ya elimu ya jimbo, kwa hivyo fomu zitafute kwa idara hiyo. Kisha uliza wanadai nini zaidi ya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Texas, kwa mfano, ina mtihani wake wa sheria za uuguzi.

Sasa majina, na hapa ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu. Tandaza mezani pasipoti, cheti cha chuo na cheti cha Baraza la Wauguzi la Kenya, usome jina herufi kwa herufi. Utakuta cheti cha chuo kina majina matatu, pasipoti imeyapanga vingine, na dada aliyeolewa ameongeza la mume kwenye kitambulisho. Siku ya mtihani, jina la kwanza na la mwisho kwenye kibali cha kufanya NCLEX lazima yalingane na ya pasipoti. Yasipolingana huingii, na ada imekwenda. Kwa hivyo jaza kila fomu kwa jina la pasipoti. Kama pasipoti ndiyo yenye kasoro, maliza hayo Nyayo House, kwenye ofisi ya pasipoti, kwanza. Kama ulibadilisha jina, ambatisha cheti cha ndoa au hati ya kubadilisha jina, usingoje kuulizwa.

Matokeo ya chuo na uthibitisho wa usajili hutumi wewe. Chuo hutuma yake moja kwa moja, na Baraza, pale Kabarnet Lane, hutuma yake, hadi kwa taasisi inayokagua vyeti. Wengi tunaijua kama CGFNS. Tangu 2025 inaitwa TruMerit. Hakikisha leseni yako ya Kenya iko hai kabla ya kuomba uthibitisho huo.

Ada ya NCLEX ni dola 200, na ukiifanyia nje ya Marekani unaongeza dola 150 za kupangiwa siku. Maswali ni kati ya 85 na 150 kwa saa 5. Tangu Aprili 2023 mtihani una visa vya wagonjwa vinavyopima jinsi unavyofikia uamuzi, kwa hivyo vile vitabu vya zamani vinavyozunguka wodini havitoshi. Ukianguka, unangoja siku 45.

Kuna pia leseni ya majimbo mengi, yaani leseni moja inayokuruhusu kufanya kazi katika majimbo yote yaliyo kwenye mkataba mmoja, na mawakala huipigia debe sana. Inadai SSN na makazi katika jimbo mwanachama wa mkataba huo, kwa hivyo usimlipe mtu yeyote kwa ajili yake ukiwa bado Nairobi. Itakufaa ukishafika. Na tangu Januari 2024, ukihamia jimbo jingine mwanachama una siku 60 za kuomba leseni ya huko. Pennsylvania iliingia kikamilifu Julai 2025. New York na California bado hazimo.

Kwa viza ya kazi utahitaji VisaScreen, cheti cha kuthibitisha kwamba masomo na leseni yako vimekaguliwa, na mtihani wa Kiingereza, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Fikiria pia kuhuisha leseni. California inataka saa 30 za mafunzo kila miaka 2, Texas 20. New York haina hesabu ya jumla ya saa, ila inadai kozi ya kuzuia maambukizi kila miaka 4. Sheria hizi hubadilika, kwa hivyo siku ile ile unayotaka kulipa, fungua tovuti ya jimbo lenyewe, usome ukurasa wa waombaji waliosomea nje, na uuhifadhi pamoja na risiti yako.