Jinsi ya kuandaa shajara ya kibofu kwenye simu kabla ya kumwona daktari

Katika kliniki ninakofanyia kazi hapa Moshi, wengi wanaosumbuliwa na kukojoa mara kwa mara hufika wakiwa wamekwisha kumeza dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kutoka duka la dawa, na baadhi yao mkojo wao haujawahi kupimwa. Dalili hiyo inaweza kuletwa na maambukizi, kisukari, kukua kwa tezi dume, kibofu kinachojikaza kabla hakijajaa, au unywaji mwingi tu. Simu haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo, lakini inaweza kutunza shajara ya kibofu, yaani kumbukumbu za siku tatu za unachokunywa na unachokojoa, zitakazomwonyesha daktari aanzie wapi.

Hatua ya kwanza ni chombo cha kupimia. Jagi la plastiki lenye alama za mililita linafaa, mradi lisirudi tena jikoni. Asiye nalo akate shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, anunue bomba la sindano la mililita 10, amimine maji mabomba matano, kisha apige mstari kwa kalamu isiyofutika mahali maji yalipofikia, na aendelee hivyo hadi juu. Kila mstari ni mililita 50. Bila vipimo hivi, programu ya gharama yoyote itahesabu safari za chooni tu, na safari peke yake hazisemi mengi.

Hatua ya pili, fungua jedwali katika Google Sheets na uweke safu hizi: tarehe, saa, ulichokunywa na kiasi chake, mkojo kwa mililita, ukali wa kubanwa kuanzia 0 (hujabanwa kabisa) hadi 4 (umebanwa kupita kiasi), na kuvuja. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, ila soma kwanza zinazipeleka wapi taarifa zako, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tumia saa inavyoonekana kwenye simu: saa nane usiku iandikwe 02:00, la sivyo usiku na mchana vitachanganyika.

Hatua ya tatu ni kujaza, papo hapo na si jioni kwa kukisia. Chai, uji, supu na mbege (pombe ya ndizi) vyote vihesabiwe, na usipunguze kunywa ili jedwali lipendeze. Andika pia saa ya kulala, saa ya kuamka na dawa unazotumia, hasa za presha. Ukimsaidia mzazi asiyetumia simu janja, mwachie apime mwenyewe akutajie namba tu. Wazee wengi huona haya, na wana haki.

Hatua ya nne ni kusoma. Jumlisha mkojo wa saa 24, ukianzia baada ya kukojoa kwa kwanza asubuhi hadi kukojoa kwa kwanza kesho yake, na huo wa mwisho uuhesabu pamoja na wa usiku. Jumla ikizidi mililita 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani 2,400 kwa mtu wa kilo 60, sukari ipimwe mapema. Kwa mzee, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya jumla, huenda kibofu hakina kosa na chanzo ni miguu iliyovimba, moyo au saa ya kumeza dawa. Jumla ikiwa ya kawaida lakini kila safari ni mililita 80 au 100 pamoja na kubanwa kwa 3 au 4, shaka huelekea kwenye kibofu chenyewe.

Usisubiri siku tatu ukiona damu kwenye mkojo, hasa kama hulima au huoga katika mifereji ya mpunga yenye hatari ya kichocho, au ukipata homa yenye maumivu ya ubavu, au mkojo ukigoma kutoka kabisa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya tano, mpelekee daktari jedwali lote. Ataomba kipimo cha mkojo, na pengine ultrasaundi baada ya kukojoa ili kuona kiasi kilichobaki. Wenye matatizo makubwa hupewa rufaa kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Akikuambia kibofu kinajimwaga vizuri na kinahitaji mazoezi, weka kengele ya simu kwa muda unaoweza kujizuia sasa, ongeza dakika 15 kila unapouzoea, na uendelee kwa wiki sita angalau, ukijaza jedwali lilelile.