Kulegeza utando wa misuli ya kiuno kwa mkono wa taratibu

Wengi wanaonijia hapa Ngamiani, Tanga, wanataka niwachue mpaka walie. Waendesha baiskeli, wavuvi, kinamama wanaoinama kwenye mbuzi ya nazi: wote wameaminishwa kuwa mkono usioumiza hautibu. Si kweli.

Ukikata nyama ya ng'ombe unauona ule utando mweupe unaoshikana na mnofu. Hiyo ni fasia, nasi tunayo mwili mzima: imefunika misuli, mifupa, neva na viungo vya ndani. Imejengwa hasa kwa nyuzi za kolajeni (protini imara ya mwili), na kati ya matabaka yake mna ute unaoyawezesha kuteleza. Ya kiunoni ni nene, viganja haviirefushi. Lakini imejaa neva. Ukiigusa polepole, misuli iliyokaza huachia; ukiivamia, mwili hujikaza kujilinda.

1. Uliza kwanza. Mwenye homa, jeraha, mfupa uliovunjika, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mguu mmoja uliovimba na kuwa na moto, usimkande. Kiuno kikiuma pamoja na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, awahi hospitali siku hiyo hiyo.

2. Mlaze kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo. Mafuta ya nazi yaweke pembeni, ingawa najua huku kwetu ni mazoea. Mkono ukiteleza, utapapasa ngozi tu.

3. Kaa ubavuni mwake, pishanisha mikono. Kiganja kimoja chini ya mbavu, kingine juu kidogo ya kalio, pembeni mwa uti wa mgongo, si juu yake. Egemea taratibu, kisha vuta viganja viachane mpaka ngozi igome kusogea. Ishia hapo hapo.

4. Subiri dakika 3 hadi 5. Hapa ndipo wanaojifunza hushindwa. Dakika ya kwanza hutahisi kitu, na vidole vitakuwasha kukanda, vizuie. Baadaye joto hupanda na kiganja huanza kusogea chenyewe, kidogo sana. Kifuate, usikitangulie. Mwulize, "Mama, unapumua vizuri?" Akibana pumzi au akikunja vidole vya miguu, punguza uzito.

5. Achia polepole, hamia upande wa pili. Ukimaliza, ageukie ubavu ndipo ainuke, atembee kidogo. Rudia baada ya siku 2 au 3. Wiki zikipita bila nafuu, akapimwe.