Kuvua besi kwa chambo cha kuelea: mwongozo kwa mvuvi wa Nairobi

Maji yametulia, chambo kidogo cha mbao kimelala juu yake, na viwimbi vya mwisho vilivyokizunguka vimekwisha kufa. Kisha, pasipo dalili yoyote, maji yanapasuka, kinasikika kishindo kama cha jiwe lililotumbukia kisimani, na pale palipokuwa na chambo pamebaki duara la mapovu. Anayevua kwa ndoana ya kuzama hupata habari za samaki wake kupitia mkono peke yake, lakini anayevua kwa chambo cha kuelea humwona kwanza, akamsikia, na ndipo akamhisi. Katika mpangilio huo imo raha yote ya uvuvi huu, na humo humo ndimo wanaoanza wanamopotezea samaki wao, kwa kuwa jicho hutangulia mkono na mkono hukimbilia kulitii. Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Nairobi anayetaka kujifunza kuungoja mkono.

Samaki mwenyewe ni besi mwenye mdomo mpana, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini na ambaye aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ana mgongo wa kijani iliyokolea, tumbo jeupe, mstari mweusi usionyooka ubavuni, na taya ambalo mwisho wake hupita nyuma ya jicho. Rekodi ya dunia ya samaki huyu ni takriban kilo 10, iliyowekwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, na kufikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Usiende Naivasha ukitarajia jitu la namna hiyo. Besi wa kilo moja tu, akilirukia chambo mita 10 kutoka ulipo, atakutetemesha magoti.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini samaki huyu hushambulia juu ya maji, kwa sababu karibu kila jambo utakalofanya baadaye linatokana na hilo. Besi huwinda kwa kuvizia. Hujificha kando ya kisiki, chini ya gugu maji au kwenye kivuli cha mafunjo, na kutoka huko chini chochote kinachopita juu huonekana kama kivuli cheusi dhidi ya mwanga wa mbingu. Mbali na macho, ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitikisiko ya maji, hivyo mdudu anayetapatapa, chura anayeogelea au kisamaki kilichojeruhiwa humfikia kama habari hata kabla hajakiona. Anapoamua, hafungui mdomo ili ang'ate kama mbwa. Huufungua ghafla kiasi kwamba maji yote yaliyo mbele yake huvutwa ndani pamoja na windo. Ule mlio mzito unaousikia ni wa maji na hewa vikimezwa kwa pamoja.

Sasa vifaa. Fimbo ya mita mbili hivi, yenye ncha laini kidogo, inatosha, pamoja na rili (gurudumu la kukunjia mshipi) ya kawaida ambayo breki yake hulegea taratibu bila kukwama. Usibane matumizi kwenye mshipi, kwa kuwa ndio unaoamua kama chambo kitacheza au kitazama. Mshipi wa florokaboni huzama na kukivuta chambo pua chini, kwa hiyo uache nyumbani. Nailoni ya kawaida yenye nguvu ya kilo 5 hadi 7 inafaa kwenye maji ya wazi, na kwenye magugu tumia mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 15 au zaidi, ambao huelea, haunyumbuki, na hukata majani laini samaki anapojizungushia humo.

Vyambo vya dukani vinapatikana, ingawa bei yake huumiza, na mara nyingi hulazimu kuagizwa kutoka nje. Mimi nashauri cha kwanza ukichonge mwenyewe. Jijini kwetu mti wa jakaranda uko kila mahali, mbao zake ni nyepesi na hazimpi kisu shida, na wachongaji wa Gikomba wanaotengeneza twiga na vifaru vya kuuzia watalii wanaifahamu vizuri; kipande kinachobaki sakafuni mwao kinakutosha. Kata urefu wa sentimita 8 na unene wa sentimita 2, kisha ukichonge kiwe chembamba kuelekea mkiani. Upande wa kichwa ukate wima, halafu uchimbe kwa ncha ya kisu kishimo cha duara mfano wa kikombe kidogo cha kahawa, kwa maana kikombe hicho ndicho kitakachotema maji na kutoa mlio. Piga msasa mpaka kidole kisikwaruzwe popote. Tia skrubu tatu zenye kitanzi: moja katikati ya kikombe kwa ajili ya mshipi, moja tumboni na moja mkiani kwa ajili ya ndoana. Paka vanishi mara tatu, ukisubiri ikauke kabisa kila mara, kwa sababu mbao ikinywa maji chambo hugeuka gogo.

Kabla ya kufunga chochote, kijaribu ndani ya beseni. Chambo kizuri hakilali sambamba na maji. Mkia wake hushuka kidogo na kichwa hubaki juu, ili ukivuta kikombe kikumbe maji badala ya kupiga mbizi. Kikilala sambamba, zungushia waya mwembamba wa risasi kwenye shina la ndoana ya nyuma mpaka kikae sawa. Kwenye ndoana hiyo hiyo funga nyoya mbili tatu za kuku kwa uzi. Zinapotulia majini huendelea kupumua, na mara nyingi ni hizo zinazomshawishi samaki wakati mkono wako haufanyi lolote. Rangi isikusumbue sana. Samaki anaona tumbo tu, kwa hiyo paka tumbo jeupe kwa ajili ya mchana na jeusi kwa ajili ya alfajiri na machweo, ambapo kivuli cheusi ndicho kinachoonekana vizuri zaidi.

Kutupa chambo hakujifunzwi ziwani. Ng'oa ndoana zote, nenda kwenye uwanja wa mtaa jioni, weka beseni kwenye nyasi umbali wa mita 15, na urushe mpaka chambo kitue ndani yake mara tatu kati ya kumi. Watoto watakuja kuuliza unavua nini kwenye nyasi. Waeleze, na uwaombe wasimame nyuma yako mbali. Utakapofika ziwani utafahamu thamani ya zoezi hilo, kwa maana besi aliye kando ya kisiki hatoki mita tatu kufuata chambo kilichoangukia mbali, ila kikitua karibu na mlango wake anaweza kukimeza kabla hujakisogeza.

Naivasha iko takriban kilomita 90 kutoka jijini, na ugumu wa safari uko kwenye saa. Asubuhi ziwa huwa shwari, kisha kadiri mchana unavyosogea upepo huinuka na mawimbi hufuta kila mlio wa chambo chako. Ili uwe majini jua linapochomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, ni bora ulale Naivasha kuliko kuondoka Nairobi usiku wa manane na kuteremka bonde katika ukungu. Kabla ya yote, kata leseni ya uvuvi wa burudani katika ofisi ya uvuvi, na uulize huko huko kuhusu maeneo na majira yaliyofungwa.

Kuhusu viboko sitaki kupunguza neno. Kiboko hula majani nchi kavu usiku na hurudi majini alfajiri, saa ile ile unayoitaka wewe, akipitia njia zake kati ya mafunjo. Anayesimama ufukweni gizani akitupa mshipi amejiweka kati ya mnyama huyo na maji yake. Vua kutoka kwenye boti, ukiwa na nahodha mwenyeji anayejua makundi yao hulala wapi, vaa jaketi la kuokolea maisha tangu mnapoondoka gatini, na nahodha akisema tuondoke hapa, kunja mshipi hata kama samaki anaonekana.

Mahali pa kutupa utapatambua kwa macho. Maji yalipopanda sana kufikia mwaka 2020, ziwa liliingia kwenye mashamba na misitu ya migunga ya kandokando, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama ndani ya maji. Leo mashina hayo meupe, ambayo furukombe hukaa juu yake akiangalia mawindo yake mwenyewe, ni makao mazuri ya besi. Tafuta pia kingo za visiwa vya gugu maji na nafasi nyembamba zilizo kati ya mafunjo, hasa zile zenye kivuli.

Chambo kikishatua, kiache. Hili ndilo neno gumu zaidi katika mwongozo wote. Kiache mpaka viwimbi vyote vilivyosababishwa na kuanguka kwake vitoweke, hata kama ni sekunde kumi, kwa sababu kishindo cha kwanza kilimshtua samaki na sasa amegeuka anakiangalia. Kisha shusha ncha ya fimbo kuelekea maji na uivute kwa kifundo cha mkono, urefu wa shubiri moja, kwa mkato. Kikombe kitatema maji na kutoa mlio wa kizibo kinachong'olewa kwenye chupa. Legeza mshipi mara moja na usubiri tena. Vuta mara mbili, subiri. Vuta mara moja, subiri zaidi. Mashambulizi mengi huja wakati wa utulivu, chambo kikiwa hakifanyi lolote ila zile nyoya za kuku kupumua. Kwa chambo kirefu kisicho na kikombe, mikato iwe midogo na ifuatane kwa mdundo mmoja, huku mshipi ukilegezwa baada ya kila mkato, nacho kitaelekeza pua kushoto na kulia kama mtu anayekatakata njia kilimani. Chura wa mpira, ambaye ndoana zake zimelala mgongoni zisinase majani, mpitishe juu kabisa ya magugu na umpumzishe kila anapofika kwenye tundu la maji.

Sasa tufike kwenye pigo lenyewe. Mara ya kwanza liliponijia, karibu na shina la mgunga, niliona maji yakifunguka nami nikavuta kwa nguvu zangu zote papo hapo. Chambo kiliruka kutoka majini kikapita karibu na sikio la mzee aliyekuwa ameshika kasia, na kingekuwa kimelenga jicho ningeandika habari nyingine kabisa leo. Mzee hakukasirika. Alikiokota chambo, akakagua ndoana, akanirudishia.

"Umemnyang'anya chakula mdomoni, kijana wangu," aliniambia. "Mwache akifunge kinywa, ageuke nacho. Mkono usikie uzito ndipo uvute."

"Na akikitema, mzee?"

"Akikitema, bado yupo pale pale chini."

Nimeyafuata maneno hayo tangu siku hiyo, na sababu yake ni ya kimaumbile kabisa. Unapoona maji yakipasuka, kinywa cha samaki bado kiko wazi na chambo kinaelea ndani yake; ukivuta wakati huo, kinatoka kama kilivyoingia. Akishafunga kinywa na kugeuka kwenda chini, ndoana zinakuwa zimeelekea pembeni mwa taya, nawe unahisi fimbo ikielemewa. Kwa hiyo usilitii jicho. Shika fimbo, elekeza ncha yake kwenye mapovu, hesabu moja, mbili, na uzito ukifika mkononi, inua fimbo kwa mkazo mmoja. Kwa chura wa mpira ngoja zaidi kidogo, kisha kaza zaidi, maana samaki amekimeza pamoja na fungu la majani. Baadhi ya wavuvi hutazama pembeni kwa makusudi wakati wa kuvuta chambo ili macho yasiwadanganye. Mimi siwezi kujinyima kuona, nami nimechagua kuhesabu kwa sauti.

Akishanaswa, atakimbilia kisiki au ataruka juu akitikisa kichwa. Anapoelekea kuruka, shusha fimbo hadi karibu na maji na usiuache mshipi ulegee hata kidogo, kwa kuwa chambo cha mbao kina uzito wa kumsaidia kujitikisa huru. Mlete kando ya boti, lowesha mkono, mshike kwa taya la chini kwa kidole gumba, ukiwa mwangalifu na ndoana zinazoning'inia. Vimiba vya ndoana vibonyeze kwa koleo tangu nyumbani. Kutoa ndoana isiyo na kimiba ni rahisi, iwe imo kwenye taya la samaki au kwenye kidole chako.

Limebaki jambo la samaki aliyekosa. Maji yamepasuka, umehesabu mbili, na uzito haukufika. Moyo unadunda na mkono unataka kukunja mshipi ili utupe upya. Usifanye hivyo. Kiache chambo kimelala palepale katikati ya mapovu, usubiri yatoweke yote, kisha ukitikise mara moja tu, kidogo kiasi kwamba nyoya ndizo zinazosogea, kama kitu kilichokwisha kuvunjika mgongo. Kaza macho mahali hapo, na uanze tena kuhesabu kwa sauti.