Jinsi ya kupanda Notre-Dame de Beauvoir na kukiona Moustiers kutoka juu

Wageni wangu wakija Ufaransa, nawapeleka Moustiers-Sainte-Marie, kijiji cha Provence kilichojibana chini ya majabali mawili. Kanisa dogo la Notre-Dame de Beauvoir liko juu yake, na njia ya kulifikia ni ngazi 262 za mawe.

Fika asubuhi, hasa Julai na Agosti. Jua likishapanda, majabali hurudisha joto na maegesho hujaa. Beba maji. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe yamesuguliwa na nyayo za mahujaji karne nyingi hadi yanang'aa, na kushuka kunatisha kuliko kupanda. Mwenye magoti mabovu apumzike kwenye vituo vya Njia ya Msalaba, wala asione haya.

Ukifika, usikimbilie simu. Simama ukutani utazame chini: mapaa ya vigae, hakuna viwili vya rangi moja, mnara wa kengele, na korongo la kijito linalokigawa kijiji. Kisha inua macho uitafute nyota ya dhahabu inayoning'inia kwenye mnyororo kati ya majabali. Wenyeji husimulia kwamba iliwekwa na askari wa vita vya msalaba, akitimiza nadhiri baada ya kutoka kifungoni. Wengi huondoka bila kuiona, na hilo huniuma.

Ndani ya kanisa ongea taratibu. Watu bado husali humo. Ukishuka, pitia karakana za kauri, kazi ya hapa tangu karne ya 17. Bei ni kali, lakini kikombe kimoja kinatosha.