Siku mbili Geneva: makaratasi, pesa na ziwa

Arusha tumezoea kuiita Geneva ya Afrika. Hiyo Geneva yenyewe wengi wetu tunaijua kwa mikutano tu: mtu anatua, analala karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa, anaondoka bila hata kuchovya mkono ziwani. Wengine hawafiki kabisa kwa kuogopa bei. Bei ni kali kweli, sibishi, ila mazuri ya mji huu mengi yako nje, kando ya maji, na hayana kiingilio.

Anza na makaratasi. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu 2008 imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukiwa unaishi kihalali Ujerumani, Uholanzi au Sweden, kibali chako cha ukaazi pamoja na pasipoti ya nyumbani iliyo hai vinakutosha kwa siku 90 ndani ya siku 180. Wewe wa London au Minneapolis ambaye bado unatumia pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, kibali cha huko hakikuvushi. Omba viza ya Schengen: ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya matibabu isiwe chini ya yuro 30,000, na maombi yafike angalau siku 15 kabla ya safari. Kama unataka kwenda wakati wa kiangazi, mimi nakushauri uanze miezi mitatu kabla, maana nafasi za miadi huisha upesi.

Jambo la simu linawaumiza wengi. Kwa kuwa Uswisi iko nje ya Umoja wa Ulaya, vifurushi vingi vya Ulaya havifanyi kazi pale. Dada yangu aliongea na mama kwa video dakika chache tu akiwa kando ya ziwa, na bili iliyomfuata Ujerumani ilizidi nauli yake ya treni. Zima data kabla ya mpaka, tumia intaneti ya hotelini. Chaja nayo: plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii, na ile nene ya Kijerumani pia haiingii. Nyembamba ya pini mbili ndiyo inayokubali.

Kutoka uwanja wa ndege, treni inakufikisha stesheni ya Cornavin kwa dakika 7 hivi. Hoteli na hosteli za Geneva huwapa wageni kadi ya usafiri bila malipo, kwa basi, tramu na hata mouettes, vile viboti vinavyovusha watu bandarini. Iulizie mapema. Wapo wanaolala Annemasse, upande wa Ufaransa, na kuingia kwa treni ya Léman Express; chumba ni nafuu, lakini kadi hiyo huipati.

Sasa ziwa. Léman halifiki hata sehemu moja ya mia ya Ziwa Victoria kwa ukubwa, ila kina chake ni mita 310, karibu mara nne ya la kwetu. Chemchemi kubwa, Jet d'Eau, hurusha maji mita 140 juu, lita 500 kila sekunde. Mwaka 1886 ilikuwa tu njia ya kupunguza presha kwenye mtambo wa maji. Watu wakaipenda, na mwaka 1891 ikahamishiwa ilipo leo. Upepo ukizidi huzimwa. Na upepo upo: bise hutoka kaskazini-mashariki kama kaskazi yetu, lakini huu unakata masikio. Beba koti zito hata kama jua linawaka.

Nenda Bains des Pâquis, sehemu ya kuogelea inayoingia ndani ya ziwa, ambako chakula ni cha bei nafuu kwa kipimo cha mji ule. Wakati wa baridi watu hupanga foleni kwa fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate. Ndugu Waislamu, fahamuni kwamba jibini hiyo hupikwa kwa mvinyo mweupe. Agizeni raclette, jibini iliyoyeyushwa ikaliwa na viazi, lakini mkatae vipande vya nyama ya nguruwe pembeni. Msikiti mkubwa uko Petit-Saconnex, tangu 1978. Jumapili maduka hufungwa. Ya stesheni na uwanja wa ndege ndiyo yatakayokuokoa.

Popote uingiapo, sema bonjour kwanza, ndipo uulize shida yako. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na hodi hapati taabu hapo. Na Wakongomani watajisikia nyumbani wakisikia septante (sabini) na nonante (tisini), Kifaransa cha kuhesabu kama cha kwao.

Siku ya pili panda mlima Salève. Basi namba 8 hukupeleka Veyrier-Douane, unavuka mpaka kwa miguu na kuingia Ufaransa, kisha gari la kamba linakupandisha hadi mita 1,100 hivi. Usiache pasipoti wala kibali hotelini. Juu utaona mji wote, ziwa likijikunja, na nyuma yako Mont Blanc. Ni mfupi kuliko Kilimanjaro na hata Mlima Kenya, lakini jioni theluji yake inapogeuka waridi, utakaa. Angalia tu saa ya gari la mwisho kabla hujapanda, kwa sababu njia ya miguu ya kushukia ni mwinuko mkali na giza huingia haraka.